Bakuli la Speransi

Jumatatu, 12 Agosti

Saa kumi na mbili kamili asubuhi. Hodi mbili, kimya, hodi moja. Nimefungua kabla ya kuvaa kandambili. Speransi ameingia na bakuli lake mikononi, limefunikwa kitambaa cha bluu kama kawaida. Uji wa soya. Kidonge. Maji. Amenitazama koo mpaka kidonge kikashuka, akanitazama macho, kisha akaketi kwenye benchi dakika tano bila kusema neno. Dakika tano hizo hazimo katika maagizo ya kituo cha afya. Alizianzisha mwenyewe.

Hukumu yake ameitoa akiwa mlangoni: "Macho iko muzuri, Mwalimu. Ya jana ilikuwa inakimbia kidogo."

Ya jana yalikuwa yanakimbia kweli. Sikumwambia.

Naandika mpango wetu ulivyo, maana nikiugua husahau hata kwamba nina mpango. Ugonjwa wangu hupanda na kushuka. Ukipanda, sihitaji usingizi na nimekabidhiwa ujumbe kwa ulimwengu mzima. Ukishuka, siwezi kunyanyua kikombe. Kati ya hali hizo mbili yuko mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mwalimu wa Kiswahili aliyekulia Karagwe, anayeitwa kusema katika harusi za Mbugangari, mtaa wetu wa mpakani, kwa sababu sauti yake haiyumbi. Huyo wa katikati ndiye anayelindwa kila alfajiri na muuza sambaza.

Sambaza, vidagaa vya ziwa letu, ndivyo vinavyomlisha Speransi. Kazi yake ya pili ni mshauri wa afya wa mudugudu, yaani wa kitongoji chetu. Haina mshahara. Anapima watoto homa, anawapa dawa ya malaria, anawaandika wajawazito. Na mimi. Majirani walimchagua kwa kusimama mstari nyuma yake.

Bakuli lilikuwa wazo langu. Miezi kumi na minane iliyopita, alipoanza kuja, nilimwomba aje kama mtu anayeniletea samaki. Mwalimu anapenda sambaza, nani atashangaa? Hakuna aliyeshangaa. Wanangu wa kisomo cha likizo, watoto tisa wanaojaa sebuleni kwangu kila asubuhi, wanadhani mezani pangu hakupikwi kitu kingine.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Misa ndefu, jua kali, kwaya nzuri.

Nje ya lango la kanisa Mama Kevine alinisimamisha. Ni fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Bintiye Kevine ni mwanafunzi wangu, mwandishi mzuri wa insha. Mama Kevine hana sauti ya chini. Wanawake sita hivi walikuwa wamesimama karibu.

"Mwalimu, unakulaka sambaza ya wapi? Ziwa imefungwa. Ao Speransi iko na ziwa yake?"

Wakacheka. Nikacheka nao. Nikasema ni sambaza kavu.

"Sambaza kavu inatoka moshi?"

Wakacheka zaidi.  Mimi, ninayelipwa soda na heshima kwa ajili ya majibu, nikaaga nikashika njia.

Ziwa limefungwa tangu mwanzo wa mwezi. Kila mwaka hufungwa ili samaki wakue, na anayevua au kuuza sambaza mbichi wakati huo ni mkosaji. Mitumbwi imefungwa pamoja ufukweni mitatu mitatu, taa zimeshushwa. Nimepita hapo mara nne. Nimeiona. Haikunijia hata mara moja kwamba bakuli letu sasa ni ushahidi.

Tumekuwa wajinga sote wawili. Mazoea yamekula akili.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimemweleza Speransi. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Kumbe tuko wezi wa samaki, mimi na Mwalimu. Na samaki yenyewe ni soya."

Nilishauri aache bakuli nyumbani. Akauliza: basi watasema nakuja hapa kufanya nini kila asubuhi, kusali? Nilishauri aje jioni. Akasema jioni Mwalimu huwa amechoka, na mtu aliyechoka hudanganya vizuri. Ananijua.

Tumekubaliana asibadilishe kitu. Umbea utachoka, amesema. Ameondoka na bakuli limefunikwa, akipita katikati ya barabara, polepole, kama mtu asiye na deni kwa yeyote.

Mimi nina hofu.

Jumapili, 18 Agosti

Umbea haukuchoka. Mkuu wa mudugudu ametangaza kwamba Jumamosi ya tarehe 31, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, mkutano utamchagua upya mshauri wa afya. Malalamiko yamemfikia. Jina la Mama Kevine limependekezwa.

Malalamiko ni mawili. La kwanza, Speransi anauza samaki wa wizi ziwa likiwa limefungwa. La pili ni la mwezi wa pili: usiku mmoja mtoto mdogo wa Mama Kevine alipata homa kali, mama akabisha kwa Speransi, mlango hauna mtu. Mtoto alifikishwa kituoni asubuhi, akiwa hajitambui. Alipona. Speransi alipoulizwa alikuwa wapi alijibu: Goma. Akaongeza: samahani. Hakuongeza neno jingine. Watu wakamalizia wenyewe kwamba alikuwa kwenye biashara zake.

Maswali mawili, jibu moja. Jibu lenyewe ni mimi.

Jumanne, 20 Agosti

Sijawahi kuiandika siku ile. Niiandike.

Mwezi wa pili. Nilikuwa sijalala siku tatu. Speransi alikuwa amesafiri kumzika shangazi yake, na mimi niliona fursa. Sikunywa dawa. Asubuhi ya nne nilivaa mavazi ya kanisani, nikachukua kitambulisho, nikavuka Petite Barrière, lango la mpaka la kwenda Goma, pamoja na wachuuzi kama raia yeyote mwenye akili timamu. Kutembea wima na kusalimu vizuri kunakufikisha mbali sana katika dunia hii.

Upande wa pili nilipanda juu ya gunia la unga na kuwafundisha wapagazi ngeli za nomino. Walinisikiliza. Mmoja alinyoosha mkono akauliza swali, tena swali zuri. Nilimpa viatu vyangu. Saa yangu nikampa mwanamke wa vitenge. Mchana nilikuwa peku na sauti imekauka, na waliokuwa wakinisikiliza walikuwa wameanza kunicheka.

Speransi alirudi mazikoni, akakuta mlango wangu wazi. Hakupiga kelele. Hakumwambia jirani hata mmoja. Alivuka, akauliza kwa wapagazi anaowajua kwa majina, akanipata saa kumi jioni. Hakunivuta. Alikaa chini, kando ya gunia, akasubiri nimalize somo. Kisha akasema, "Mwalimu, kengele imelia," nami nikashuka. Mpaka ulikuwa umeshafungwa. Tulilala kwa binamu yake, yeye ameshika mkono wangu usiku kucha, na usiku huohuo Mama Kevine alikuwa akibisha mlango wake.

Haya ndiyo anayoyanyamazia. Miezi sita sasa. Kwa ajili ya jina langu.

Sina mfano wa uungwana kama huo katika vitabu vyote nilivyofundisha.

Alhamisi, 22 Agosti

Kikundi chetu kituoni. Tuko kumi na mmoja. Muuguzi Devota hutugawia dawa za mwezi, kisha tunapanga viti duara na kila mmoja anasema mwezi wake ulivyokuwa. Nilipoanza niliketi karibu na mlango, na shali juu ya kichwa. Siku hizi naketi popote, lakini shali bado naivaa njiani.

Leo Faustini alileta viazi. Analima Kanzenze, anasikia sauti, anazieleza kama mtu anayeeleza majirani wakorofi. Nilimuuliza kwao nani anajua. Alinishangaa. Wote, alisema. Siku sauti zikizidi, anayelima shamba la jirani humwita kwa jina lake kila baada ya matuta mawili, amjibu. Hapo ndipo wanajua kama yuko. Nikamuuliza kama hawamdharau. 

"Bamoja banadharau," alisema. "Lakini kulima tunalima."

Nimerudi na viazi vyake kilo tatu. Na aibu. Yeye hakusoma hata darasa la sita, na anaishi mchana. Mimi nina shahada, na ninaishi chini ya kitambaa cha bluu.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimemwambia Speransi kwamba nitasema mkutanoni. Nilidhani atafurahi.

Alikasirika. Sijawahi kumwona akikasirika. Alisema hakuficha ili siku moja nimlipe. Alisema nina watoto tisa sebuleni, na wazazi wao wakisikia neno "wazimu" watawatoa wote, na harusi hazitaniita tena, na nitakaa peke yangu na kuta, na yeye anajua kuta hunifanya nini. Halafu, kwa sauti ndogo zaidi:

"Kufunga mudomo ndiyo kazi yenyewe, Mwalimu. Ile ingine ni kupima homa tu. Siku mutu atajua mi natoaka siri, hata kama ni siri ya kuniokoa, nani atanifungulia mulango?"

Nikamjibu kwamba siri si yake kuitoa, ni yangu.  Akachukua bakuli.

"Basi ulale kwanza," alisema. "Mutu asiyelala asitoe siri."

Jumatatu, 26 Agosti

Kurasa tisa. Nimeanza hotuba saa mbili usiku na kuimaliza saa tisa. Ina utangulizi juu ya historia ya huruma, sehemu tatu, na hitimisho ambalo litawaliza. Nimelala muda wa saa tatu na nimeamka nimeshiba usingizi.

Speransi amenitazama macho muda mrefu leo. Sikupenda alivyonitazama.

Jumatano, 28 Agosti

Kurasa ishirini na mbili na bado nina mengi, maana si suala la Speransi peke yake bali la kila mlango uliowahi kubishwa bila kufunguliwa, kuanzia ufukweni hapa mpaka juu ya volkano, na nimeona wazi kabisa leo nikikata vitunguu kwamba mkutano wa Jumamosi ni mlango tu wa mkutano mwingine mkubwa zaidi. Mikono yangu imeacha kutetemeka. Kidonge cha jioni, kile ninachokunywa peke yangu, ndicho huitetemesha, nacho nimekiacha jana na juzi. Nani atamwamini msemaji ambaye karatasi inacheza mkononi mwake? Ni jambo la mantiki. Nitakirudia Jumapili. Sijalala, sina haja. Watoto leo nimewafundisha saa tano mfululizo na Kevine akasinzia mezani, nikamsamehe.

Naona kila kitu.

Alhamisi, 29 Agosti

Speransi amehesabu vidonge.

Hakuuliza. Alimaliza dakika tano zake, akaenda kabatini, akafungua kopo la vidonge vya jioni na kuvimwaga juu ya kitambaa cha bluu. Akavisogeza kimoja kimoja kwa kidole. Vitatu vilizidi. Tuliviangalia sote.

Nilisema mengi. Nilimwambia kwamba namwokoa. Nilimwambia kwamba muuza samaki hawezi kunifundisha mantiki. Niliandike hilo, lisipotee: nilimwambia hivyo.

Alisema, "Ndiyo." Akabaki kwenye benchi. Wakati wa somo alisimama mlangoni na kuwarudisha watoto nyumbani, akisema Mwalimu ana malaria. Kisha akampigia simu Devota, naye Devota akaja kwa pikipiki kabla ya saa nne. Hapakuwa na gari la wagonjwa, wala kamba, wala geti. Miaka ishirini na sita iliyopita, mara ya kwanza, nilifungwa kamba za katani. Alama ninayo kifundoni. Leo walikuwa wanawake wawili sebuleni kwangu, mmoja na kipimo cha presha, mwingine akimenya viazi vya Faustini. Devota aliniuliza ninachotaka. Nikasema nataka kusema Jumamosi. Akasema basi tufanye kazi ya kukufikisha Jumamosi.

Nimekunywa dawa. Nimewapa kurasa ishirini na mbili. Speransi amezikunja na kuziweka chini ya bakuli.

Ijumaa, 30 Agosti

Nimelala muda wa saa kumi na moja. Speransi alilala kwenye mkeka, kati yangu na mlango. Asubuhi mgongo ulimuuma. Alinung'unika kuhusu sakafu yangu, hakunung'unika kuhusu mimi.

Nilimwomba radhi kwa neno lile la jana. Alisema alishalisahau. Kisha akasema, "Lakini muuza samaki anajua kuhesabu."

Mikono inatetemeka tena. Kichwa kizito, ulimi mzito, dunia imerudi ukubwa wake wa kawaida. Huzuni kidogo. Nimezisoma kurasa ishirini na mbili kwa macho ya mtu aliyelala. Zina sentensi nne nzuri.

Nimeandika upya. Sentensi nane. Upande mmoja wa karatasi.

Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Jumamosi, 31 Agosti

Umuganda ulikuwa wa kuzibua mtaro wa barabara ya chini. Nilifagia udongo pamoja na wengine. Saa tano tukakusanyika kwenye kiwanja cha shule, majembe yamelazwa chini, wanaume wamesimama, wanawake juu ya nyasi. Mkuu wa mudugudu alisoma malalamiko. Alisoma kwa haki, bila kuongeza chumvi.

Akauliza nani ana neno. Nikasimama. Walitulia mara moja, kama wanavyotulia harusini. Walitarajia kitu kitamu. Karatasi ilikuwa inacheza mkononi kama jani. Nilisema kwa Kinyarwanda. Hapa nayaweka maneno yangu kwa Kiswahili, lugha yangu ya kazi.

"Majirani zangu. Mnanijua kwa sauti. Leo nawaomba mnijue kwa ugonjwa. Nina maradhi ya akili, na ninaishi nayo tangu nikiwa na miaka ishirini na saba. Bakuli analoniletea Speransi alfajiri halina samaki; lina uji, kwa sababu dawa yangu haitaki tumbo tupu. Usiku ule wa mwezi wa pili alikuwa Goma akinitafuta mimi, na alinipata. Ameitwa mwizi na mzembe, naye alijua kwamba sentensi moja ingemsafisha, akakataa kuisema kwa kuwa haikuwa yake. Ilikuwa yangu. Sasa nimeisema."

Niliketi.  Nilisikia kuku wa mlinzi wa shule.

Kisha sauti ya kiume kutoka nyuma, dereva wa pikipiki, mwanafunzi wangu wa zamani sana:

"Mwalimu, na ile siku ulinipa sifuri, ulikuwa mugonjwa?"

"Hapana," nilijibu. "Siku ile nilikuwa mzima kabisa."

Kiwanja kizima kililipuka. Nami nikacheka, na machozi yakanitoka, na hakuna aliyeweza kutofautisha.

Mama Kevine hakucheka. Alisimama mahali pake, mikono imeshika kitenge. Alisema ametusingizia kuhusu samaki, na anaomba radhi mbele ya watu. Halafu akamgeukia Speransi.

"Sasa najua ulikuwa wapi. Lakini mtoto wangu alikuwa anaungua, na nilibisha, na mlango haukuwa na mtu. Hilo halikubadilika."

Mkuu wa mudugudu alimuuliza Speransi kama anajitetea. Nilimtazama. Nilitaka ajitetee. Maneno nilikuwa nimeshamwekea mkononi.

Aliinuka. "Anasema kweli," alisema. "Mlango haukuwa na mtu. Tungekuwa wawili, mmoja angevuka na mwingine angebaki. Nilikuwa mmoja." Akaketi.

Basi ikaja kura. Kwetu huku mgombea husimama akiitazama hadhara, na wanaomtaka hupanga mstari nyuma yake, kila mmoja akiutazama mgongo wa aliye mbele yake, mpaka wa mwisho. Ukishapanga hugeuki. Nilikwenda kwanza. Nilisimama nyuma ya Speransi, karibu kiasi cha kunusa moshi wa jiko kwenye shali yake. Sikuona tena kitu ila kisogo chake. Nilisikia miguu tu. Miguu ikija nyuma yangu, miguu ikipita kwenda upande wa pili. Ilipita mingi.

Tumeshindwa kwa watu kumi na mmoja.

Mkuu wa mudugudu alitangaza. Watu wakampigia Speransi makofi marefu, marefu kuliko ya mshindi, na bado alikuwa ameshindwa. Akageuka, akanikuta nyuma yake.

"Mukono yako inatetemeka, Mwalimu."

"Najua."

"Wacha itetemeke. Leo imefanya kazi."

Alasiri mzazi mmoja ametuma ujumbe: watoto wake wawili hawataendelea na kisomo. Anashukuru kwa yote. Mwingine alinipita njiani akitazama upande wa pili. Mzee wa nyumba ya kona, ambaye hajanisalimu tangu nihamie, alivuka barabara kunipa mkono, akauachia, akanipa tena.

Nina hasira. Nimetoa kitu nilichokilinda nusu ya maisha yangu, na sikumrudishia cheo chake. Nimekunywa kidonge cha jioni peke yangu, nikakaa dakika tano peke yangu. Hazikuwa sawa.

Kesho sijui nani atabisha. Mlango wangu sasa ni wa Mama Kevine kwa mujibu wa kura.

Jumapili, 1 Septemba

Saa kumi na mbili kamili. Hodi mbili, kimya, hodi moja.

Speransi. Bakuli mikononi, halina kitambaa. Mvuke wa uji ulikuwa unapanda mbele ya uso wake, barabarani, mbele ya kila mwenye macho. Nyuma yake Mama Kevine, amevaa vizuri kana kwamba anakwenda ofisini, rejista ya mudugudu chini ya kwapa.

Nilimwambia Speransi kwamba hakuwa na lazima ya kuja tena. Alinipita akaingia.

"Rejista nimerudisha. Lakini mulango hii, si batu ya kura balinipatia."

Kidonge. Uji. Maji. Mama Kevine alisimama katikati ya chumba bila kujua mikono yake aiweke wapi. Hatujawahi kuwa ndani ya chumba kimoja bila cherehani au kanisa kati yetu. Hatimaye aliniuliza, akiangalia sakafu, kama siku zake yeye akija nitamfungulia.  Nilisema nitamfungulia. Nikaongeza kwamba abishe kama Speransi anavyobisha, vinginevyo nitadhani ni mgeni.

Speransi alimfundisha kazi mbele yangu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake shamba. "Usitazame mukono, mukono inatetemeka tu. Tazama macho. Kama inakimbia, hesabu vidonge. Kama haisongi kabisa, ita Devota. Na usimuulize kama amelala, atakudanganya, anajua maneno mingi. Angalia kitanda."

Mama Kevine aliandika yote kwenye rejista. Mwandiko mzuri. Nimejua sasa bintiye aliutoa wapi.

Kisha wakaketi kwenye benchi, mmoja huku, mwingine kule. Baada ya muda Mama Kevine alisafisha koo ili aseme jambo.

"Bado dakika ine," alisema Speransi.

Tukakaa. Kengele ya misa ya kwanza ililia, ikaisha. Mtu alipita nje akisukuma baiskeli. Mama Kevine alikuwa akinitazama macho kwa bidii ya mwanafunzi wa siku ya kwanza, mpaka nikatamani kumwambia apepese yake kidogo.  Dakika zilipotimia, aliuliza alichotaka kuuliza: Kevine anataka kujua kama kesho kuna somo.

Lipo, nimesema.

Wameondoka pamoja, wakibishana kuhusu uzito wa uji. Bakuli wameliacha. Nimeliosha na kuliweka dirishani likauke.